BIMA YA KITANDA NA MZEE ASIYELALA



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuja mbele ya halmashauri ya tawi letu hapa Kibugu, barua mkononi. Barua hiyo ilitoka kwa tajiri wake, nayo ilimwonya kwamba amekosa kazini siku 6 katika mwezi mmoja bila ruhusa, na kwamba akikosa tena ataachishwa. Tulimwuliza, "Ndugu, kweli ulikosa?" Akajibu, "Kweli nilikosa." Tukamwuliza, "Ulikuwa mgonjwa?" Akasema, "Mimi si mgonjwa. Baba ndiye mgonjwa, lakini hospitali inasema hana ugonjwa wa kulazwa."

Baba huyo wengi wetu tunamfahamu. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika kiwanda cha kahawa, zamu ya usiku, kwenye mashine ya kumenya na matangi ya kuoshea. Sasa ana miaka 78. Usiku, saa saba au saa nane, mzee huamka, huvaa gamboti zake, huchukua taa na kutoka kwenda kiwandani, maana anaona kahawa inachacha na hakuna mtu wa kuiosha. Msimu umekwisha, kiwanda kimefungwa. Mwanawe amemkuta mara tatu langoni kabla ya mapambazuko, baridi ya mlima inamtetemesha, anagombana na kufuli. Mara ya mwisho hakumtambua mwanawe. Alimwita kwa jina la mnyapara aliyekwisha kufa, akamwomba msamaha kwa kuchelewa kazini.

Tumeandika habari hii kwa ruhusa ya mwenzetu, bila kutaja jina lake, wala la tajiri, wala la hospitali. Hatuna haja ya kugombana na mtu mmoja. Mwanachama huyu anakatwa fedha za bima kila mwezi, naye hajakosa hata mwezi mmoja. Tunauliza: sheria ya bima inamfaa nini mtu wa namna hii? Na kama haimfai, wafanya kazi tudai nini?

Kwanza tuseme ugonjwa wenyewe, kwa sababu wako wengi wanaodhani si ugonjwa. Madaktari huuita dimensia. Namna yake iliyo ya kawaida kuliko zote ni ile ya Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeueleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Ubongo huharibika kidogo kidogo. Mtu husahau alipoweka ufunguo, halafu husahau ufunguo ni wa kazi gani, na mwisho husahau mtu aliyemletea chai ni nani. Mambo ya zamani hubaki wakati ya jana yamekwisha kufutika, ndiyo maana mzee wetu anaikumbuka zamu ya usiku asiikumbuke harusi ya mjukuu wake. Si kila mzee hupata ugonjwa huu, kwa hiyo si haki kusema "ni uzee tu". Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kadiri kama yetu.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba si kila anayesahau ana dimensia. Dawa zinazogongana, tezi ya shingoni kutofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, maambukizo ya mkojo, huzuni kubwa baada ya kufiwa: haya yote yaweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili, na mengi yake hutibika. Kwa hiyo mzee akianza kupotea njia, aende akapimwe kabla ya kuambiwa kwamba ndiyo basi. Tena aende kwenye kituo cha afya, asipelekwe kwa mganga wa kupiga ramli kutafutiwa aliyemroga.

Hili la kuroga hatulisemi kwa mzaha. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake 4 waliuawa na kundi la watu kwa kushukiwa uchawi. Katika pwani yetu pia, huko Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo miaka mingi. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake, anayeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake, ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Huku kwetu hatujafika huko, na tunashukuru. Lakini maneno ya chini chini tumekwisha kuyasikia kwenye kituo cha kupimia majani chai, na asiyetaka kuyasikia ana bahati.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria zipo nyingi, wala hazikuandikwa jana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, asiteswe, na kwamba apate matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zake na serikali. Someni maneno hayo tena: jamaa zake *na* serikali. Tukienda nyuma zaidi, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilikuwa na kifungu kilichokataza kampuni ya bima kuandika bima ya ugonjwa inayomtenga au kumpunguzia mtu mwenye maradhi ya akili. Mwaka 2022 sheria hiyo ilitengenezwa upya, na haki ya mgonjwa wa akili kupata bima, ya serikali au ya kampuni, ikatiwa humo tena. Kwa maandishi, basi, nchi yetu ilitangulia nchi nyingi. Je, ni wangapi kati yetu waliowahi kusikia kwamba kuna haki hiyo? Katika mkutano wa tawi tuliuliza watu wainue mikono. Hakuna mkono ulioinuka, hata wa sisi tulioketi mbele.

Halafu ikaja Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyotiwa sahihi tarehe 19 Oktoba mwaka huo. Mnakumbuka vurumai lake. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo haikufuata Katiba. Septemba Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu ile. Na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, SHA ikaingia. Tangu hapo kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu, na cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Hapa inatupasa tuseme kweli, ingawa wengine kati yetu hawatapenda. Mtu wa mshahara mdogo hakuongezewa mzigo na makato haya, alipunguziwa. Mwanachama wa shilingi 16,000 alikuwa akikatwa NHIF shilingi 600. Sasa anakatwa 440. Aliyeongezewa ni mwenye mshahara wa shilingi 100,000, aliyekuwa akilipa 1,700 na sasa analipa 2,750. Kwa hiyo kelele za kwamba makato mapya yamemwua maskini hatuzichukui zote. Malalamiko yetu yako mahali pengine, nayo ni makubwa zaidi kuliko shilingi za kila mwezi.

Malalamiko ya kwanza ni kwamba bima hii ni bima ya kitanda. Ilizaliwa hivyo. NHIF ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1966, ilikuwa ya wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi na zaidi, kila mmoja akitoa shilingi 20, na kazi yake ilikuwa kulipa gharama ya kulazwa hospitalini. (Mchuma majani wa siku zile hakuujua mshahara wa namna hiyo ila kwa kusimuliwa.) Miaka karibu 60 imepita. Majina yamebadilika, matibabu ya nje yameingizwa, saratani imeingizwa, kusafishwa figo kumeingizwa, nasi tunasifu hayo yote. Lakini hesabu ya bima bado ni ile ile: mtu alilala siku ngapi, alipasuliwa nini, alimwona daktari mara ngapi. Mgonjwa wa dimensia halali. Anatembea. Mwili wake una nguvu za kubeba debe. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye, wa kumwongoza kurudi kitandani, wa kumkumbusha kula, wa kuficha kiberiti. Mtu huyo hana bei katika orodha ya malipo ya SHA. Asiye na bei bima haimwoni, na aliyelipa gharama yake ni mwenzetu mwenye barua ya onyo.

Malalamiko ya pili yahusu nani ni jamaa. Sheria inahesabu mke au mume wa mwanachama, na watoto wake wanaomtegemea, na mtu mwenye ulemavu anayeishi naye na kumtegemea kabisa. Baba na mama hawamo. Sheria inamtazama mzee kama nyumba peke yake, yenye kujiandikisha na kujilipia. Yaliyoandikwa Nairobi huenda yanafaa Nairobi, ambako mtu aweza kukaa miaka kumi bila kujua mlango wa pili kunakaa nani. Hapa kwetu mzee anakaa ndani ya boma la mwanawe, anakula chungu kimoja na wajukuu, na sahani yake hakuna anayeihesabu mbali.

Tufanye hesabu ndogo. Mzee wa miaka 70 na zaidi, akiwa ameandikwa, hupewa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Kwa mwaka ni shilingi 24,000. Serikali hiyo hiyo inamtaka alipe bima ya shilingi 300 kwa mwezi, kiasi cha chini kabisa, nayo kwa watu wasio na mshahara huhesabiwa kwa mwaka: shilingi 3,600. Gawanyeni. Ni asilimia 15 ya kile alichopewa. Meneja wa kampuni anatoa asilimia 2.75, na mzee asiyejua leo ni siku gani anatoa asilimia 15! Mwaka 2025 serikali ilianza mpango wa kuwalipia wasiojiweza, na tunaomba kila mwenye mzee wa namna hiyo aulize kwa chifu na kwa wahudumu wa afya kama jina lake laweza kuingia. Lakini asiyekuwa katika orodha hulipiwa na mwanawe, na mwanawe amekwisha kukatwa mara ya kwanza kwenye mshahara.

Wako wanachama watakaosema, "Ninyi wa halmashauri mnataka mambo ya Wazungu. Sisi tunatunza wazee wetu wenyewe." Tunaheshimu maneno hayo, maana ni kweli tunawatunza. Lakini tuulize ni nani hasa anayetunza. Katika nyumba tunazozijua ni binti aliyeachishwa shule ya ushonaji, au mke wa mwana aliyeacha kuchuma chai ili akae na mama mkwe. Chai isiyochumwa haina bonasi. Tunaposema "sisi tunatunza" mara nyingi maana yake ni kwamba mwanamke mmoja ametoa kazi yake bure na sisi wanaume tumepokea sifa. Mmoja wa akina mama alitwambia hivyo katika mkutano, kwa maneno makali kuliko haya.

Tena hao Wazungu, na Wajapani pia, walifika hapo kwa kugombana miaka mingi, na yafaa tujue walikosea wapi.

Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya matunzo, mbali na bima ya hospitali, nayo ilianza kazi mwaka 1995. Mfanya kazi hutoa sehemu na tajiri hutoa sehemu. Matajiri walipolalamika, wafanya kazi walinyang'anywa sikukuu moja ya mwezi wa Novemba, siku ya toba ya Waprotestanti, ili hasara ya matajiri ifidiwe. Jimbo la Saxony peke yake lilikataa kuiacha sikukuu yake, na watu wake wakalipa makato makubwa zaidi. Chama chochote cha wafanya kazi kikisikia habari hii kitajua kwamba matunzo ya wazee si sadaka. Yalinunuliwa, na bei yake ilijulikana.

Lakini kosa lao ndilo linalotuhusu. Mkaguzi wa bima alikuwa akija nyumbani na kuhesabu dakika: mgonjwa anahitaji dakika ngapi kuogeshwa, ngapi kulishwa, ngapi kuvikwa nguo. Mgonjwa wa dimensia aliyeweza kuinua kijiko na kutembea alipata dakika chache, na hivyo fedha kidogo, hata kama mkewe hakulala usiku kucha akimlinda asitoke. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Tarehe 1 Januari 2017 ndipo kipimo kipya kilipoanza, chenye daraja 5, kinachohesabu pia kama mtu anajua alipo, anatambua watu, anatangatanga usiku. Sasa jamaa anayemtunza mgonjwa nyumbani aweza kupewa fedha kila mwezi, na akitimiza masharti bima inamlipia hata michango yake ya pensheni, kwa sababu anafanya kazi. Neno hilo "kazi" ndilo tunalolitaka katika sheria zetu.

Japani ilianza bima yake ya matunzo Aprili 2000. Kila mtu wa miaka 40 na zaidi hutoa mchango. Tunaitaja kwa jambo dogo tu. Mwaka 2004 waliacha neno la zamani la ugonjwa huu, kwa sababu lilikuwa neno la kumdharau mgonjwa, wakatunga jipya. Na kuanzia 2005 walianza kuwafundisha watu wa kawaida, wenye maduka, makarani wa benki, polisi, jinsi ya kusema na mzee aliyepotea. Mafunzo hayo ni ya saa chache na hayana gharama kubwa. Hapa Kibugu vijana wa bodaboda wanajua kila njia na kila mzee. Walinzi wa viwanda wanakaa macho usiku. Kama mlinzi wa kiwanda kile angefundishwa, mzee wetu angeketishwa karibu na moto badala ya kufukuzwa kama mwizi wa kahawa.

Kuna na jimbo la Washington huko Marekani. Sheria yao ilipitishwa mwaka 2019, na tangu Julai 2023 wafanya kazi hukatwa asilimia 0.58 ya mshahara kwa mfuko wa matunzo peke yake, na sheria ikapanga malipo yaanze Julai 2026. Mgonjwa aweza kuutumia mfuko huo kumlipa jamaa yake anayemtunza. Kwa mwanachama wa shilingi 16,000, asilimia 0.58 ni kama shilingi 93. Hatusemi tukatwe hizo 93. Tunazitaja ili mjue kwamba jambo lenyewe halihitaji hazina ya Mfalme Suleimani.

Basi tunataka nini?

Tunataka kwanza ugonjwa huu uandikwe kwa jina lake katika orodha ya malipo ya SHA na katika ule mfuko wa dharura na magonjwa ya kudumu ulioanzishwa na sheria hiyo hiyo ya 2023. Ugonjwa usio na jina katika orodha, karani hawezi kuulipia hata akitaka. Dimensia hukaa na mtu miaka mingi na haiponi; kama huo si ugonjwa wa kudumu, tuambiwe ni upi.

Tunataka matunzo ya nyumbani yalipiwe, angalau siku chache kila mwezi, ili anayetunza apate kwenda kazini au kulala. Watu wa kuifanya kazi hiyo hawako mbali. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilitoa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wapite nyumba kwa nyumba kupima presha na sukari. Wanapita na hapa kwetu. Wanaingia kila boma, wanamkuta mzee, wanampima presha, presha ni nzuri, wanaandika, wanaondoka. Wangefundishwa maswali machache ya kupima kumbukumbu, na wangelipwa zaidi ya ile posho yao ndogo, wangekuwa macho ya bima katika nyumba zetu. Vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 havitakiwi kumtoza mgonjwa fedha, maana hulipwa na mfuko wa afya ya msingi. Kwa hiyo mlango wa kwanza upo wazi. Ndani yake ndimo hamna mtu aliyefundishwa kuujua ugonjwa huu.

Na tunataka mwanachama mwenye kukatwa mshahara aruhusiwe kumwandika mzazi wake mmoja asiyejiweza, bila mchango wa pili.

Fedha zitoke wapi? Swali hili ni la haki, na wanaoliuliza si maadui. Jibu letu ni hili: katika NSSF tajiri hutoa sawa na mfanya kazi. Katika makato ya nyumba tajiri hutoa asilimia 1.5 kama mfanya kazi. Katika bima ya afya tajiri hatoi hata senti. Kazi yake ni kukata na kupeleka kabla ya siku ya 9 ya mwezi unaofuata, na wako wanaokata wasipeleke, mfanya kazi akafika hospitalini akaambiwa hana bima. Wajerumani wanagawana. Kwa nini sisi tusigawane? Mzee yule alimmenyea tajiri kahawa usiku hadi mgongo ukapinda. Mashine iliyomharibu masikio haikuwa yake.

Hapo kwenye masikio tusimame kidogo, maana ni jambo ambalo mwanachama aweza kulitenda mwenyewe. Mwaka 2024 wataalamu walioitishwa na jarida la matibabu la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, na wakasema karibu nusu ya ugonjwa, asilimia 45, ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeondolewa yote. Baadhi yake ni presha, sukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, na uziwi. Uziwi, ndugu! Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanya kazi kuwekwa kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Ni kiwanda gani kilichowahi kuwapimia? Wangapi kati yenu mmepewa vizuizi vya masikio, na wangapi mmevipewa mkavitundika msumarini kwa sababu vinawasha? Pande zote mbili tuna makosa. Vivyo hivyo na pombe za bei rahisi zinazouzwa karibu na lango siku ya mshahara. Hatutaki kuhubiri, tumeyasema tu kwa kuwa yako katika orodha ya wataalamu.

Kuhusu ruhusa ya kazini, hatuna haja ya kungoja Bunge. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi likizo ya siku 21 kwa mwaka, na akiugua yeye mwenyewe siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Mama mzazi ana miezi 3, baba ana wiki 2. Mtu ambaye mzazi wake amepotewa na akili hana hata siku moja. Anaazima siku kutoka likizo yake, na zikiisha anakuwa mtoro. Lakini sheria ile ni kiwango cha chini; mapatano ya chama na matajiri yaweza kwenda juu yake. Tuliwahi kupata posho ya nyumba kwa njia hiyo, na gamboti, na maziwa. Safari ijayo tutakapoketi mezani tutadai siku 10 kwa mwaka za kumtunza mgonjwa wa nyumbani, kwa cheti cha kituo cha afya, na barua za onyo zilizotolewa kwa sababu hiyo zifutwe.

Tumekwisha kwenda na mwenzetu kwa tajiri wake. Alitusikiliza vizuri kuliko tulivyotazamia. Alisema mama yake mwenyewe yuko hivyo hivyo, na kwamba yeye ameajiri wasichana wawili wa kumtunza, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Tukamwambia, "Bwana, mwenzetu huyu anao wasichana wawili pia, ni yeye mwenyewe na mkewe." Hakucheka. Barua ya onyo bado haijafutwa, lakini amekubali mwenzetu aingie zamu ya mchana mpaka tutakaporudi kwake mwisho wa mwezi.

Kabla ya hapo tunawaomba mambo mawili. Kila mwanachama alete hati zake za mshahara za miezi 3 iliyopita, tupate kuzilinganisha na yaliyofika SHA. Na mwenye mzee au ajuza nyumbani anayesahau, anayetangatanga, au asiyewatambua watu, amwambie mwakilishi wake wa kazini kwa siri, ataje umri, anayemtunza, na siku alizokosa kazini kwa ajili hiyo. Majina hatutayapeleka popote. Hesabu tutaipeleka kwa mjumbe wetu wa Bunge la Kaunti na kwa makao makuu ya chama, maana hadi sasa hakuna aliyewahi kuhesabu wazee wa namna hii hapa Kibugu. Akina mama wanaotunza, hata wasio wanachama, waje pia kwenye mkutano. Tumeuweka Jumapili alasiri, wakati ambapo kuna mtu mwingine nyumbani wa kukaa na mzee.